Mashini ya Vagheni

Siku ya Jumamosi, katikati ya mji wa Butembo, hata nzi hubisha hodi kabla ya kupita. Pikipiki zinapiga honi, wabeba magunia wanapaza sauti, "Njia! Njia!", muziki unatoka katika kila duka na hakuna wimbo unaosikika mpaka mwisho. Hapo ndipo Katungu, fundi wa kushona wa mtaa wa Vulamba, alipojikuta amebanwa na watu mbele ya duka la Onésime, naye alikuwa amekuja mjini kutafuta sindano za cherehani tu.

Alivaa kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano, alichokikata na kukishona mwenyewe. Mikono ya nguo ilivimba mabegani, kiuno kilikamatwa vizuri, na kitambaa cha kichwa alikifunga upande kidogo, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Pembeni yake alikuwa Kanyere, rafiki yake wa kazi, ambaye huanza kucheka kabla ya maneno kwisha.

Juu ya meza ya duka kulikuwa na mashine mbili za kahawa. Moja nene, nyeusi, yenye waya mrefu na vitufe. Nyingine nyembamba, ya chuma kinachong'aa, yenye vishikio viwili vilivyoinuliwa juu kama mikono ya mtu anayesifu kanisani.

"Espresso ku nyumba, bandugu!" Onésime alipiga kelele huku akijipangusa jasho. "Kahawa ya hoteli kubwa, ku meza yako! Hii ni ya courant, unafinya bouton, unakaa. Hii ingine ni ya mukono, unatia maji ya moto, unashusha, basi. Muchague!"

Akafinya kitufe cha ile nyeusi. Ikawaka taa nyekundu, ikanguruma, ikatetemeka kama jogoo anayejiandaa kuwika, kisha ikanyamaza. Taa za duka nazo zikazimika. Courant, yaani umeme, ilikuwa imekwenda, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Papa Onésime, uko na maji ya moto mu thermos?"

Aliyesema hivyo alikuwa kijana mrefu, shati jeupe, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Hakungoja jibu. Alijaza kahawa iliyosagwa laini katika ile mashine ya chuma, akaigandamiza, akamimina maji, kisha akashusha vile vishikio viwili polepole, bila papara, kama mtu anayemlaza mtoto. Kahawa ikatiririka nzito, na juu yake povu la rangi ya dhahabu. Harufu yake ikashinda ya petroli, ikashinda hata ya samaki wa chumvi wa duka la jirani.

"Nani ataonja?"

Kila mtu akarudi nyuma. Watu wa pande zile hulima kahawa, huibeba, huiuza, kisha hurudi nyumbani kunywa chai. Lakini Katungu hapendi kushindwa na kikombe kidogo vile. Akanyoosha mkono.

"Maria!" alikunja uso. "Ni chungu sawa dawa ya malaria!"

"Hapana meza haraka," kijana alisema kwa sauti ya chini. "Ngoja kidogo."

Katungu akangoja. Uchungu ukapita, na nyuma yake kikaja kitu kingine, kama tunda lililoiva.

"Eh. Kuna kitu kinakuya nyuma."

"Kile kinakuya nyuma ndiyo udongo ya Lubero yetu. Batu ya mbali banavuka bahari juu ya kile kitu."

"Na siye benye kulima?"

"Siye tunabaki na harufu."

"Basi ni aibu yetu," alisema Katungu, akamaliza kikombe. "Mais kama ningekuwa nanunua, ningekamata ile ya courant."

"Ile imekufa mbele ya batu yote?"

"Haikufa, imelala. Courant itarudi. Na weye, siku moja mukono wako utachoka."

"Huu?" Kijana aliukunja mkono, akautazama kama anaupima. "Huu hapana choka."

Kanyere akacheka mpaka akaegemea mlango. Hivyo ndivyo Katungu alivyomjua Kambere, mwonjaji wa kahawa katika dépôt, ghala moja la kahawa la Beni. Alirudi Vulamba bila sindano hata moja, lakini akiwa na namba mpya katika simu.

Kuanzia siku ile simu haikupumzika.

"Allô, sukari yangu. Uko nafanya nini?"

"Nashona mikono ya kanzu ya mutu, na weye unanisumbua. Na weye?"

"Naonja. Nakunywa kidogo, natema. Nakunywa, natema."

"Kazi gani ile! Mama yako anajua kama alisomesha mutoto juu ya kutema mate?"

"Chérie, kuna kutema na kutema. Mi natema na akili."

Katungu alicheka huku mguu wake ukiendelea kusukuma kanyagio la cherehani, kwa maana mguu ule ulikuwa umezoea kufanya kazi hata moyo ukiwa safarini. Kambere alipanda Butembo kila alipopata nafasi, na kila mara alileta kahawa. Kahawa ya wiki hii ilitoka kilima hiki, ya wiki iliyopita kilima kile. Katungu alijifunza kungoja kile kinachokuja nyuma. Siku moja mteja wake alimwambia kwamba kahawa ni kinywaji cha Wazungu. Katungu akasimamisha cherehani. "Mama, ilitoka mu udongo yetu. Mutoto akilelewa kwa jirani, anabadilisha baba?"

Kambere hakumficha neno. Alimwambia mapema kwamba mama yake aliwahi kumtafutia binti wa Beni, muuguzi, jina lake Vagheni.

"Iko muzuri?" Katungu aliuliza.

"Iko muzuri. Mais moyo yangu haikusimama pale."

Katungu akasema sawa. Lakini jina ni kama sindano iliyoanguka sakafuni. Huioni, ila unajua ipo.

Walipoanza kusema habari za nyumba yao, nyumba ambayo bado haikuwa na hata tofali, ugomvi wao mtamu ulikuwa mmoja tu.

"Ku nyumba yetu tutaweka ile ya mukono," Kambere alisema. "Hapana kelele, hapana waya. Unasikia kahawa vile inakuambia, sasa fanya nguvu, sasa lainisha. Na courant ikienda, hatujali."

"Na mi nataka ya courant. Kambere, sikiliza. Tangu nikiwa binti mudogo miguu yangu inasukuma mashini. Asubuhi nasukuma, mangaribi nasukuma. Mu nyumba yangu nataka kitu kimoja ya kufinya bouton, nikae, nitazame. Kimoja tu."

"Courant ikipanda na kushuka, itaungua."

"Tutaweka régulateur, itashika courant."

"Na ule utamu wa kufanya na mukono?"

"Utamu ule niliisha kushiba."

Wakacheka, wakaachia hapo. Kambere alidhani ni mzaha. Katungu hakuwa anatania.

Kisha ikakaribia Jumapili ambayo Katungu alikuwa amealikwa Beni kuonana na mama mkwe mtarajiwa. Siku chache kabla, simu ikalia. Mtandao ulikuwa mbaya, sauti ya Kambere ilikuja vipande vipande, lakini furaha yake ilifika nzima.

"Mon coeur! Nimenunua mashini! Mbili! Moja ya courant, moja ya mukono!"

Moyo wa Katungu ukaruka. "Kweli? Basi ile ya courant ni yangu!"

"Hapana! Ya courant ni ya vagheni. Mama amesema. Yako ni ile ya mukono!"

Simu ikakatika.

Sasa, asiyejua Kinande ajue kwamba kwa lugha hiyo vagheni ni wageni tu. Na ajue tena kwamba katika nyumba za kule kitu kizuri ni cha wageni. Kuna sahani za vagheni, blanketi la vagheni, hata kuna kiti ambacho mwenye nyumba hukifuta kila asubuhi na hajawahi kukikalia. Katungu alilijua neno hilo tangu tumboni mwa mama yake. Lakini mtu akiogopa jina, masikio yake huliandika kwa herufi kubwa. Yeye alimsikia muuguzi.

"Ya courant kwa Vagheni," alimwambia Kanyere, na sauti yake haikutetemeka, maana hasira ilikuwa imeikausha. "Mi, ya mukono. Mutu ya kusukuma abaki kusukuma."

Hakujibu simu siku ile. Kesho yake alijibu, kwa sababu alitaka kusikia uongo utakavyosema.

"Chérie, nini? Nilipiga mpaka simu ikalia machozi."

"Habari ya Vagheni?"

"Vagheni?" Kambere alicheka kwa furaha. "Eh, unajua Mama na vagheni! Banafagia nyumba tangu juzi. Vagheni kwanza, ndiyo heshima ya nyumba."

"Kwanza. Na mi?"

"Weye nyuma kidogo, mon coeur. Tukiisha kuhudumia vagheni, weye na mi tutaenda pembeni, ku cuisine, na kile kimashini chetu."

"Ku cuisine. Mi, jikoni."

"Ndiyo! Ile ya courant iko muzuri ya kuwekwa ku salon, mbele ya vagheni. Yetu ni ya kificho kidogo."

"Kambere," alisema Katungu polepole, "unapenda Vagheni?"

"Nani hapana penda vagheni? Nyumba bila vagheni ni kaburi!"

Katungu akaizima simu. Akaiweka ndani ya sanduku la vifungo, akalifunika. Kisha akakaa kwenye cherehani yake, akakata kitambaa cha kijani cha migomba kilichokuwa kimekaa muda mrefu kikingoja siku kubwa.

"Unashona nini?" Kanyere aliuliza.

"Nguo ya kuenda nayo Beni."

"Si ulisema hauendi?"

"Nikibaki, batasema niliogopa. Nitaingia mu ile salon, nitasema neno langu mbele yao yote, nitatoka. Na siku ile hakuna mutu atavaa kunishinda."

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, wakashuka Beni, Katungu na Kanyere. Gauni la kijani lilikuwa na shingo pana na mshono uliofuata mwili kama maji yanavyofuata mto. Wanawake waliokaa mbele ya maduka waligeuka. Yeye hakugeuka.

Nyumba ya Mama Virginie, mama yake Kambere, ilikuwa imefagiwa mpaka barabarani. Mama mwenyewe alitoka mlangoni, mwili mnene, kitenge kipya, mikono wazi.

"Karibu, mutoto yangu! Kumbe ndiye huyu! Ingia, ingia. Vagheni banakungojea."

Katungu alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Hotuba yake yote ilikuwa tayari, imepigwa pasi. "Mama, kama Vagheni ndiye munataka..." Akasimama. Kitu kilikuwa kimemgonga sikioni.

"Mama, umesema Vagheni anafanya nini?"

"Anafanya nani? Banakungojea! Baba mukubwa Abdias alitoka Mbau asubuhi, bashangazi bamefika, bote bako pale banakungojea."

Ba. Si a ya mtu mmoja. Ba.

Katungu akatazama ndani. Viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Wazee wenye kofia magotini. Mashangazi wenye vitambaa vya kichwa virefu kama minara. Ile mashine nyeusi ya umeme juu ya meza ndogo, imefunikwa nusu kwa kitambaa chenye maua, kama bibi harusi. Muuguzi hakuwapo.

"Yesu na Maria!" Kanyere alijishika kifua nyuma yake. "Katungu! Ni vagheni vagheni! Batu! Siyo mutu!"

Akacheka mpaka Mama Virginie akamletea kiti.

Kambere alikuwa uani, ameinama juu ya mbabula, anapuliza makaa ili birika lichemke. Alipomwona Katungu katika lile gauni alisimama wima, majivu usoni.

"Ulinifungia simu," alisema. "Nilisema haukuyi."

"Nilikuya kukutukana." Na Katungu akamweleza yote, macho chini kidogo.

Kambere alikaa juu ya gogo. "Ngoja. Donc nilipokuambia vagheni kwanza..."

"Nilitaka kukupiga na simu."

"Na ile ya kusema nani hapana penda vagheni?"

"Pale nilikuzika."

Kambere akacheka mpaka machozi yakachora njia katika majivu ya mashavu yake. Katungu naye alicheka, kisha akaacha kabla yake.

"Bon. Neno, nilikosea mi. Mais mashini, sikukosea. Nilikuambia miguu yangu imechoka kusukuma. Nilikuambia nataka kitu kimoja ya kufinya. Weye ulisikia, ukacheka, ukaninunulia kazi ingine. Vagheni bakae, mi nisukume. Haiko vile?"

Kambere aliacha kucheka. Birika lilianza kuimba, hakuna aliyeliondoa.

"Katungu. Nilisema yako ni ya mukono. Ulidhani mukono ya nani?"

"Haukusema."

"Ya kwangu." Alitazama mikono yake iliyojaa masizi kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Asubuhi, kabla haujakaa ku cherehani yako, mi ndiye nitasaga, nitachemsha, nitashusha. Weye utakaa, utatazama. Sikusema, ni kosa yangu. Nilidhani unajua."

Katungu akaliondoa birika motoni polepole, karibu atabasamu. Lakini alikuwa binti wa Vulamba, na kule mtu hapokei kitu bila kukigeuza kwanza upande wa pili.

"Hapa ku moto, banaume bote banasemaka muzuri," alisema. "Bakifika ku salon banasahau. Nenda useme kule."

"Mbele ya Baba mukubwa?"

"Mbele yake."

Kambere alitazama mlango wa salon. Ndani yake walikaa watu ambao, tangu kuzaliwa, hawajawahi kumwona mwanaume wa ukoo wao akimtengenezea mke wake hata maji. Akisema, neno litafika Mbau kabla ya jioni. Asiposema, lile gauni la kijani litatoka mlangoni na halitarudi. Akajipangusa uso, akachukua birika mkono mmoja, ile mashine ya chuma mkono wa pili, akaingia.

"Kambere," alisema Baba mukubwa Abdias, mzee mkavu mwenye ndevu nyeupe, "mashini iko hapa. Ile ingine ni ya nini?"

"Ile ni ya vagheni, Baba. Hii ni ya bibi yangu, kama atanikubali." Akaiweka mezani, akajaza kahawa, akaigandamiza. "Na mwenye kushusha ni miye. Kila asubuhi, mu nyumba yetu."

Kofia ya mzee mmoja ikaanguka kutoka magotini.

"Mwanaume ku kahawa ya bibi!" shangazi mmoja alisema.

"Na bandugu yako bakikuona?" Baba mukubwa aliuliza.

"Banione. Baba, kahawa ya batu ya mbali, batu sijawahi kuona sura yao, naionja tangu asubuhi mpaka mangaribi ili ifike kwao muzuri. Ya mutu ninapenda nimuachie ajisumbue pekee yake? Hapana. Sitakubali aibu ile."

Akashusha vishikio, polepole, bila papara. Povu la dhahabu likapanda. Alichukua kikombe kwa mikono miwili, akavuka salon yote mbele ya macho yao, akampa Katungu.

Katungu alikunywa akiwa amesimama, mgongo umenyooka. Akangoja. Kilichokuja nyuma kilikuja.

"Iko muzuri," alisema, na mashangazi wakapumua. "Mais ya courant pia nataka. Weye ukiwa ku safari ya kahawa, nani atashusha? Ile nitanunua mi mwenyewe, na sindano yangu. Na yangu haitavaa kitambaa. Tutakunywa nayo siku ya kazi, siye benyewe, na vagheni bakikuya bakute ya moto."

Mama Virginie alitazama mashine yake chini ya maua. Kisha akakitoa kile kitambaa, akakikunja, akakikalia. Salon nzima ikaangua kicheko.

"Huyu amekuya kuolewa ao kutawala?" aliuliza shangazi, lakini alikuwa anasogea ili Katungu apate nafasi pembeni yake.

Baba mukubwa Abdias aliinua kidole. "Donc, binti, umekubali?"

Katungu hakukaa bado.

"Baba mukubwa, mi hapana kubali hapa. Kwetu ni Vulamba. Mukuye kule, muombe kwa baba yangu, na mbuzi."

Mzee alitikisa kichwa kwa uzito, lakini ndevu zake zilikuwa zinacheka. "Na mbuzi yenyewe, unataka ya mukono ao ya courant?"

"Ya miguu, Baba. Mushushe zote ku barabara kubwa, zipite Vulamba muzima zinatembea, batu bazione."